Usilipe Hofu

Ndugu zangu wa Matinyani, fungueni kitabu cha Nehemia, sura ya 5. Mtawakuta watu walioweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Kisha mwangalieni Nehemia. Alikasirika. Akawaza. Ndipo akawakabili wakuu mbele ya mkutano, akawataka warudishe mashamba pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Hasira, fikira, mkutano: fuateni mpangilio huo.

Kilio cha watu wale tunakijua. Mvua ya Novemba ikikosa, ndengu zikakauka na karo ikafika, mtu huingia kwenye ovadrafti. Mwenye duka huichukua benki kwa dhamana ya hatimiliki. Mama wa sokoni hufuliza kwenye simu. Siku moja stetimenti inaonyesha makato asiyoyaelewa. Akiuliza, anajibiwa: lipa, la sivyo jina lako liende CRB kwenye rekodi za wakopaji, lipa, la sivyo dalali. Naye hufanya nini? Huzima simu. Humficha mwenzake wa nyumbani. Hupita njia ya nyuma asionekane na watu wa benki. Ole wetu! Kimya hicho ndicho kinachompa nguvu mwenye kutisha, maana aliyezima simu hajui hata anadaiwa kiasi gani.

Mtaniambia wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Amina! Deni la kweli lilipwe, hata kwa kuuza mbuzi. Lakini wahenga hao hao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lipa ulichokopa na ulichokubali. Usilipe hofu.

Basi hasira yako isiishie kwenye matusi. Keti uwaze. Omba stetimenti yote tangu siku ya kwanza, na mkataba uliotia sahihi. Shika kalamu, upite mstari kwa mstari: hiki nilikopa, hii ndiyo riba tuliyopatana, hiki sikijui. Hata Fuliza, inayotolewa na benki za NCBA na KCB kupitia M-Pesa, ina hesabu yake. Ada ziliposhushwa Oktoba 2022, deni la shilingi 600 lilipewa siku 3 bila ada ya kila siku, kisha shilingi 6 kwa siku. La shilingi 1,200 likawa shilingi 18 kwa siku. Mara tatu, kwa sababu tu umevuka 1,000! Anayejua hivyo hukopa akiwa macho.

Sheria nayo haijalala. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinasema mkopo ukishakwama, riba haiwezi kupita deni la msingi lililokuwa limebaki wakati huo. Lilikuwa 100,000? Riba isivuke 100,000 nyingine, ingawa gharama za kudai zaweza kuongezwa. Juni 2024, katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba benki haipandishi riba bila idhini ya waziri wa fedha. Unatishwa na CRB? Kanuni za 2020 zinataka upewe notisi ya siku 30 kwanza, na deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi huko. Unatishwa na dalali? Sheria ya Ardhi ya 2012 inakupa notisi ya siku 90 ya kurekebisha mambo, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya shamba kuuzwa. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mume au mke. Siku hizo hazikutolewa ili ulale. Zimetolewa ili usimame!

Kisha mkutano. Nehemia hakunong'ona. Ninyi mnaochimba matuta na mabwawa kwa mwethya, kazi ya pamoja, mbona deni mnamwachia mtu mmoja alibebe gizani? Mpeni mtu wa kwenda naye. Andikeni barua ya malalamiko, si maneno ya kaunta. Ibaki nakala yenye mhuri na tarehe. Benki ikinyamaza, barua hiyo ipande hadi Benki Kuu ya Kenya.

Nawe unayeketi upande wa pili wa meza ya benki, na siku ya Bwana uko nasi kanisani: mjane akiuliza makato yake, mfungulie hesabu. Wakuu wale wa Yerusalemu walinyamaza kwa kukosa jibu, lakini walirudisha.

Jumatatu asubuhi, washeni simu. Nendeni mkadai hesabu. Mkiona deni ni la haki, pataneni na benki namna ya kulilipa, mlilipe lote, msibakize senti. Mkiona limezidi, likataeni kwa maandishi, tena na tena, mpaka mjibiwe. Amina.