Vyombo vya Mama Tanga

Kisa hiki hakikumpata mtu mmoja. Nimekiunga kwa vipande vya mambo yanayowapata watu wetu wanaofungasha Johannesburg kurudi nyumbani, nikamtwika mama mmoja yote, ili msomaji aone jinsi jambo dogo la siku ya kwanza linavyokuja kuwa kubwa bandarini. Mtaani wanamwita Mama Tanga. Kwenye pasipoti ana jina jingine kabisa, na hapo ndipo balaa lake lilipoanzia.

Alikuwa akiishi Yeoville, mtaa ulio mashariki kidogo ya katikati ya jiji, ulioanzishwa mwaka 1890 na Thomas Yeo Sherwell na kuchukua jina lake. Zamani walikaa Wayahudi wengi. Tangu miaka ya 1990 umekuwa mtaa wa Afrika nzima. Ukiifuata Raleigh Street mpaka inapoanza kuitwa Rockey Street utasikia Kilingala, Kifaransa, Kiigbo, Kishona, na Kiswahili cha kila namna: cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Dar es Salaam. Wengi wanapanga chumba kimoja ndani ya fleti, na wengine wanagawana hicho kimoja kwa pazia. Kwa hiyo mali ya mtu ni ile inayoenea chumbani. Mama Tanga alikuwa na kitanda, jokofu, televisheni, kochi la watu wawili, mablanketi mazito ya baridi ya Johannesburg, masufuria, na cherehani mbili, moja ya kawaida na moja ya ovaloki. Hizo cherehani ndizo zilizolipa kodi na karo miaka yote. Kwa mtu anayepita, hivi ni vyombo tu vya chumba kimoja. Kwake ni maisha aliyoyakusanya kwa randi moja moja.

Hakuhama kwa starehe. Anayeishi Yeoville anakumbuka Mei 2008, fujo zilipoanzia Alexandra na kuenea, watu zaidi ya 60 wakauawa, na maelfu ya wageni wakalala vituo vya polisi kama Jeppe na Cleveland wakiwa na kile tu walichokibeba mkononi. Kila wimbi jipya la maneno dhidi ya wageni linaziamsha kumbukumbu hizo. Mama Tanga aliposikia tena wanaume wakipita mtaani wakidai wageni waondoke, aliamua ndani ya wiki moja. Uamuzi wa kuondoka siulaumu. Ninachosikitikia ni kwamba hofu ilimpa haraka, na haraka ikampeleka kwa mtu wa kwanza aliyemjibu kwa Kiswahili.

Huyo alikuwa na meza pembeni ya duka la simu. Kila mtu alimwita kaka.

“Mama, usiwe na wasiwasi,” alimwambia. “Kontena linafungwa Ijumaa. Imebaki kona moja tu, nami nakuwekea wewe. Ukienda kwa makampuni makubwa watakudai pasipoti, orodha, risiti za vitu, mpaka uchoke.”

“Mimi nakuamini, kaka yangu. Wewe ni mtu wa nyumbani.”

Akalipa nusu ya fedha. Akaandikiwa risiti kwenye kitabu cha kaboni: “Mama Tanga. Vyombo vya nyumbani. Kalipa nusu.” Haikuwa na namba ya pasipoti, idadi ya vitu wala namba ya kontena. Vijana wakashusha vyombo ngazi kwa ngazi, mablanketi yakajazwa kwenye mabegi ya shangazi kaja, lori likaondoka kabla ya magharibi. Na jambo moja zaidi, ambalo nimelisikia mara nyingi mno: ili karatasi zake zisiloe wala zisikunjike, alizipanga ndani ya jokofu na kulifunga kwa gundi. Mkataba wa chumba, pasipoti ya zamani yenye mihuri yote, risiti za cherehani, vyeti vya shule vya watoto, vyote vikaondoka na kontena.

Niseme wazi kwamba kuchangia kontena si kosa. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 33, na vyombo vya chumba kimoja haviwezi kulijaza. Kumwambia mshonaji alipe kontena zima ni kumwambia aache vyombo vyake. Watu kuchangiana ni busara. Lakini msafirishaji wa meli hawajui wanaochangiana. Anamjua mtu aliyempa kontena na mtu aliyeandikwa kulipokea, na majina hayo yako kwenye hati moja, hati ya shehena, ambayo mawakala wetu huiita BL. Hati hiyo ina kazi tatu kwa pamoja: ni stakabadhi kwamba mzigo umepokelewa, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na ndiyo inayompa aliyeishika haki ya kuudai mzigo huko ufikako. Wakala mwaminifu anayekusanya mizigo ya watu wengi hupata hati ya kontena zima, kisha humwandikia kila mwenye mzigo hati yake ndogo yenye jina kamili, idadi ya vifurushi na namba ya kontena. Yule kaka hakuandika hata moja. Kwenye hati ya kontena zima mpelekaji alikuwa yeye, na mpokeaji alikuwa ndugu yake Dar es Salaam. Kwa karatasi, cherehani za Mama Tanga zilikuwa mali ya watu wawili ambao hawajui hata kutia uzi kwenye sindano.

Ijumaa ilipofika kontena halikufungwa, kwa sababu wakala alisubiri lijae. Mama Tanga alikuwa ameshapanda ndege na watoto. Pasipoti yake mpya ikagongwa muhuri wa kuingia Tanzania, na tangu siku hiyo saa ikaanza kuhesabu bila yeye kujua.

Sheria inayotumika ni ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na kwa mtu anayerudi ni sheria ya huruma. Anayehamisha makazi yake kwa kweli kutoka nje ya Jumuiya anaruhusiwa kuingiza bila ushuru vyombo vyake vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Hata gari moja linaweza kuingia katika msamaha huo, kama amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa angalau miezi 12. Lakini msamaha ni wa mtu na vyombo vyake, hauhusu shehena ya wakala. Tena una muda: mizigo iingie ndani ya siku 90 tangu mwenyewe afike, au ndani ya muda wa nyongeza atakaoukubali Kamishna, usiozidi siku 360 tangu kufika. Nyongeza hiyo huombwa, na anayeomba lazima athibitishe kwamba mzigo ni wake.

Kontena lilipofika hatimaye, lilikuwa limeandikwa vyombo vya nyumbani vilivyotumika. Lilipofunguliwa kukaguliwa, nyuma ya godoro la Mama Tanga zikaonekana tairi mpya na katoni za pombe ambazo hazikutajwa popote. Ni mzigo wa mwenzake katika kontena, mtu asiyemjua, au pengine wa wakala mwenyewe. Kontena zima likazuiwa, kwa sababu tamko lilikuwa moja na lilikuwa la uongo.

Mama Tanga akaja bandarini kutoka Tanga na risiti yake ya kaboni. Ofisa aliyemsikiliza hakumfokea. Alimuuliza tu mambo matatu. Hati ya shehena yenye jina lako iko wapi? Orodha ya vitu vyako iko wapi? Una nini cha kuonyesha kwamba ulikuwa ukiishi Afrika Kusini na kwamba vitu hivi ulivitumia huko? Karatasi za kujibu swali la tatu zilikuwepo, zimehifadhiwa vizuri mno, ndani ya jokofu, ndani ya kontena lililozuiwa. Za kujibu yale mawili ya kwanza hazikuwahi kuandikwa. Wahenga wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye geti la bandari usemi huo ni kanuni ya kazi.

Simu ya kaka iliita wiki ya kwanza. Baadaye haikuita tena. Ndugu yake wa Dar akasema yeye alitumiwa jina tu, hana fedha ya kulipa faini ya tairi za watu. Wakati huo gharama za kuhifadhi kontena zilikuwa zikipanda kila siku, na kampuni ya meli nayo ilikuwa ikidai malipo ya kucheleweshewa kontena lake. Mzigo usiotolewa hupelekwa ghala la forodha, hutangazwa, kisha hupigwa mnada. Sheria inaruhusu hivyo, na bandari isiyofanya hivyo ingejaa. Cherehani zikauzwa kwa mtu aliyenyoosha mkono. Vyeti vya watoto sijui mnunuzi wa jokofu alivifanyia nini, na katika kisa chote hiki ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu mtoto hawezi kuingia shule kwa maneno ya mama yake.

Labda msomaji atasema yule alikuwa tapeli na basi. Mimi sioni hivyo. Weka mahali pake wakala mwenye moyo safi lakini asiyeandika, na Mama Tanga bado hayuko salama. Julai 2021 ghasia zilifunga barabara kuu ya kutoka Johannesburg kwenda bandari ya Durban na malori yakachomwa moto. Aprili 2022 mafuriko ya KwaZulu-Natal yaliua watu zaidi ya 400 na kuyasomba makontena hadi barabarani. Hakuna tapeli aliyeyaleta maji yale. Mwenye orodha na bima alikuwa na pa kuanzia. Asiye na jina kwenye karatasi hakuwa na la kudai kwa yeyote.

Tena idadi ya vitu kwenye hati ya shehena ina thamani ya fedha. Kwa kanuni za Hague-Visby, ambazo Afrika Kusini imeziingiza katika sheria yake ya mwaka 1986, meli ikipoteza au kuharibu mzigo ambao thamani yake haikutajwa, dhima yake ina kikomo: vizio 666.67 vya sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila kifurushi, au vizio 2 kwa kila kilo, kile kitakachozidi. Hati ikisema vifurushi 18, vinahesabiwa vifurushi 18. Ikisema kontena moja la vyombo, bila hesabu ya kilichomo, kontena lote linaweza kuhesabiwa kifurushi kimoja. Anayekuta kitu kimevunjika ndani, pasipoonekana kwa nje, atoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu kupokea. Na mwaka mmoja ukipita bila kufungua kesi, meli haidaiwi tena. Mtu aliyeshonea watu sketi miaka yote bila kukosea kipimo anaweza kuhesabu vifurushi vyake na kusimamia viandikwe.

Bima nayo watu huiona ni anasa ya matajiri. Machi 2021 meli ya Ever Given ilipokwama Suez kwa siku 6, mwenye meli alitangaza kwamba gharama za kuinasua zitagawanywa kati ya meli na wote wenye mizigo ndani yake. Ni desturi ya kale ya bahari. Kabla mtu hajapewa mzigo wake ilimbidi aweke dhamana. Aliyekuwa na bima, kampuni ya bima ilimwekea. Asiye nayo alitakiwa kuitoa mfukoni mwake, hata kama mzigo wake ni kitanda na masufuria.

Wenzetu wa Katanga wanaopeleka vyombo Lubumbashi kwa lori kupitia Beitbridge, Zambia na Kasumbalesa wasidhani bahari peke yake ndiyo inayodai karatasi. Lori nalo lina orodha ya shehena, na mpakani huulizwa mzigo huu ni wa nani. Jibu la “ni wa mama mmoja wa Yeoville” halimtoshi ofisa yeyote.

Najua ugumu wa kumdai karatasi mtu wa nyumbani. Inaonekana kama kumshuku, na Yeoville mtu hataki kumshuku anayemsalimia kwa lugha ya mama yake. Nami naiheshimu imani hiyo, maana ndiyo iliyowapa wengi wetu chumba cha kwanza na kazi ya kwanza mjini humo. Lakini wakala aliye mtu wa nyumbani kweli ataandika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, atahesabu vifurushi mbele yako, na atakuonyesha hati ya kontena zima ili ujue aliyeandikwa kupokea ni nani. Anayekasirika kwa kuulizwa hayo amekwisha kukujibu.

Wewe uliye Yeoville leo na umeshaanza kukunja mablanketi, simama kidogo. Andika kila kitu kwenye karatasi mbili, moja ibaki kwako. Vipige picha vyombo kabla havijafungwa. Vyeti, mikataba na pasipoti za zamani viende kwenye begi la mkononi. Uliza tarehe ya meli kabla ya kukata tiketi ya ndege, na ukifika andika mahali siku ya muhuri wako. Na jokofu lako lisivuke kizingiti cha mlango mpaka uwe umeshika hati yenye jina lako.