Mbwa wa Nyumbani: Ni Mali, ni Ndugu, au ni Amana?

Yapo maneno ambayo hutamkwa kwa wepesi, lakini yakitiwa katika mizani huonekana kuwa mazito. Miongoni mwake ni haya yasemwayo sana Ulaya na Marekani, na siku hizi hata katika miji yetu: kwamba mbwa fulani "ni mmoja wa jamaa". Wako wanaoyasikia wakacheka, wakaona kuwa ni madeko ya watu walioshiba. Wako pia wanaoyakubali bila ya kuyapima. Sisi twaona kwamba hayastahili kuchekwa wala kukubaliwa upesi. Yastahili kuulizwa: asemaye hivyo amempa mbwa nini, na yeye mwenyewe amejitwika nini?

Ili tusije tukazungumza juu ya mbwa wa mawazoni tu, na tumchukue mbwa mmoja ambaye asili yake na kazi zake zajulikana, naye ni yule aitwaye Airedale.

Jina hilo ni la mahali. Aire ni mto wa Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, upitao katika mji wa Leeds. Na Airedale ni bonde la mto huo. Katikati ya karne ya 19 bonde hilo lilikuwa na viwanda vingi vya sufu, na wakazi wake wengi walikuwa wafanyakazi. Watu hao hawakuwa na uwezo wa kufuga makundi ya mbwa wa kusakia kama walivyofanya mabwana wenye ardhi. Walitaka mbwa mmoja awezaye kazi za mbwa wengi. Basi wakachanganya mbwa wa jamii ya teria, wenye manyoya magumu na hodari wa kufuata wanyama mashimoni, na mbwa wakubwa wa kusaka fisimaji, ambao ni mabingwa wa kunusa na kuogelea. Akapatikana mbwa mkubwa kuliko teria wote. Dume lake husimama kiasi cha sentimita 60 mabegani. Mgongo wake ni mweusi, kichwa na miguu ni ya hudhurungi, na kidevuni ana ndevu. Waingereza wakampa cheo cha mfalme wa teria.

Kazi yake mojawapo ya awali ilikuwa kuwinda panya wakubwa wa kandokando ya mto. Mbwa alitafuta shimo. Kisha mnyama mdogo mfano wa nguchiro aliingizwa ndani ili amtoe panya. Na panya alipojitupa majini, mbwa alimfuata. Wanaume wa bonde walishindanisha mbwa wao katika mchezo huo na kuwekeana dau. Tuiangalie kazi hii kwa makini, kwani ndani yake mna ufunguo wa tabia ya mnyama huyu. Mbwa wa kuchunga kondoo hutazama mkono wa bwana wake na kufuata ishara. Teria hakuwa na nafasi hiyo. Panya akishatumbukia, hakuna wakati wa kungoja amri. Mbwa sharti aamue mwenyewe. Kwa hiyo, kizazi baada ya kizazi, wafugaji walichagua wale walioweza kuamua peke yao, wasiorudi nyuma kwa maumivu wala kwa baridi ya maji.

Sasa mtoe mbwa huyo mtoni, umtie sebuleni. Atachimba bustani. Atamkimbiza paka wa jirani. Akiitwa, pengine atasimama kwanza, atazame, kana kwamba anaipima amri aliyopewa. Akifundishwa jambo moja mara kumi, huenda akachoka mara ya nne na kubuni mchezo wake. Wenye nyumba watasema: "Mbwa huyu ni mkaidi." Nasi tunayo methali yetu isemayo kuwa mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Lakini je, huo ni ukaidi? Sifa ile ile iliyosifiwa ukingoni mwa mto ndiyo inayolaumiwa juu ya zulia. Mbwa hakubadilika, kilichobadilika ni mahali. Na aliyembadilishia mahali ni mwanadamu, kama vile aliyemtia sifa hiyo ni mwanadamu. Hapo ndipo linapozaliwa swali letu: kiumbe ambaye tumemfinyanga kwa mikono yetu, kisha tukamleta nyumbani kwa ajili ya furaha yetu, anatudai nini?

Jibu la kwanza ni kwamba hatudai kitu, kwa sababu yeye ni mali. Mali hununuliwa, hutumika, huuzwa. Katika karne ya 17 mwanafalsafa wa Kifaransa, Descartes, alifundisha kwamba wanyama ni mfano wa mitambo. Lakini tuutazame mfano mmoja wa matumizi ya mali hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, jeshi la Uingereza lilianzisha chuo cha mbwa wa vita huko Shoeburyness chini ya Luteni Kanali Edwin Richardson, na Airedale alikuwa miongoni mwa mbwa waliopendelewa. Watu wa kawaida walitoa mbwa wao wa nyumbani. Nyaya za simu zilipokatwa na mizinga, mbwa walichukua barua kutoka mstari wa mbele. Na njia yenyewe ilikuwa hii: mbwa alitenganishwa na mlezi wake, akapelekwa mbele na askari wengine, kisha akafunguliwa, naye akakimbia katikati ya moshi na matope kumrudia yule aliyemzoea.

Askari aliapa, mbwa hakuapa. Hakuijua Uingereza wala Ujerumani. Kilichomwendesha ni mapenzi yake kwa mtu mmoja, na mapenzi hayo ndiyo yaliyotumiwa. Basi twauliza: mtambo una mapenzi gani ya kutumiwa? Wale waliomtumia kama mali walithibitisha, kwa matumizi yao wenyewe, kwamba yeye si mali tu.

Jibu la pili ni kinyume cha hilo: kwamba mbwa ni ndugu kamili. Hapa pia Airedale anatupa mfano. Warren Harding alipokuwa Rais wa Marekani, kuanzia mwaka 1921, alikuwa na Airedale aitwaye Laddie Boy. Mbwa huyo aliandikwa magazetini, alifanyiwa sherehe ya siku ya kuzaliwa, na aliwekewa kiti chake katika mikutano ya baraza la mawaziri. Harding alifariki mwezi wa Agosti 1923. Wauza magazeti wakachanga senti zaidi ya 19,000, zikayeyushwa, ikafanyizwa sanamu ya mbwa huyo, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Heshima hiyo ilikuwa kubwa, na walioitoa walikuwa watu wa kipato kidogo. Hatuna haki ya kuidharau. Hata hivyo, sanamu na kiti cha barazani ni mambo yanayotufurahisha sisi. Kilichomfaa Laddie Boy ni kwamba mmoja wa walinzi wa rais alimchukua nyumbani kwake, akakaa naye hadi mbwa alipokufa mwaka 1929.

Huu ndio udhaifu wa jibu la pili. Amwitaye mbwa ndugu huelekea kumpa vile ambavyo yeye mwenyewe angependa kupewa: keki, kitanda laini, nguo ya baridi. Lakini Airedale hahitaji keki. Anahitaji kutolewa nje kila siku, akimbie kwa saa moja au zaidi, anuse, aogelee ikiwezekana, apewe kazi ya kufikiri. Manyoya yake yaliyokufa hayadondoki yenyewe kwa urahisi. Sharti achanwe kila juma, na mara chache kwa mwaka anyonyolewe kwa mkono, kazi ya saa nyingi. Akiwa mchanga ana vishindo, aweza kumwangusha mtoto mdogo kwa furaha tu. Kwa hiyo mbwa na mtoto wote wawili hufundishwa adabu, tena mbele ya macho ya mtu mzima. Na mambo haya si ya mwezi mmoja. Mbwa huyu huishi kiasi cha miaka 10 hadi 13. Kumpenda mtu bila ya kutaka kuijua tabia yake ni kujipenda nafsi yako ndani yake. Ndivyo ilivyo kwa mbwa.

Tena undugu una pande mbili. Ndugu aweza kudai, kugomba, kutushtaki mbele ya wazee, hata kuhama. Mbwa hawezi hata moja katika hayo. Tukimwita ndugu tunaficha jambo kubwa kuliko yote baina yetu naye, yaani kwamba nguvu zote ziko upande wetu.

Ndugu walimu, hapa lugha yetu yaweza kutusaidia. Kila siku tunawafundisha wanafunzi kwamba "mbwa" ni jina la ngeli ya N, lakini kwa kuwa ana uhai huchukua upatanisho wa watu. Hatusemi "mbwa imelala" kama tusemavyo "nguo imeanguka". Twasema "mbwa amelala", sawasawa na "mtoto amelala". Kumbe sarufi imekwisha kumtoa katika kundi la vitu. Lakini tukifika kwenye umilikaji twasema "ndugu yangu", "mama yangu", "rafiki yangu". Na kwa mnyama, katika Kiswahili sanifu, twasema "mbwa wangu". Hatudai kwamba sarufi ni falsafa, wala kwamba waliotangulia walikaa barazani wakaamua hivyo. Lakini mpaka huo wafaa kutafakariwa: mbwa ana nafsi yake katika sentensi, ila hakutiwa katika safu ya ndugu. Si kitu, wala si jamaa.

Basi ni nani? Sisi twamwita amana. Amana ni kile ulichokabidhiwa, ambacho nguvu juu yake unazo lakini haki ya kukiharibu huna. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Kant, katika mihadhara yake juu ya maadili, alitoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu hata akazeeka: asemavyo yeye, yampasa bwana huyo amtunze mpaka kufa. Lakini Kant aliona kwamba wajibu huo kwa kweli ni kwa ubinadamu wetu, kwa maana mkatili kwa mnyama hujizoeza ukatili kwa watu. Mwingereza Bentham, mwaka 1789, alikwenda mbali zaidi: kwake jambo la kuuliza ni kama mnyama aweza kuumia, si kama aweza kufikiri au kusema. Sisi twaongeza la tatu: anayeumba haja ana deni la kuitimiza. Haja ya Airedale ya kukimbia na kuamua haikuzuka yenyewe. Iliumbwa na watu kwa faida yao.

Tena amana haitaki kwamba mbwa alale kitandani. Waislamu wa pwani yetu, walio wengi wa madhehebu ya Shafii, huona kuwa mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo hawamweki ndani ya nyumba. Lakini mapokeo ya dini hiyo hiyo yanasimulia juu ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu na kumpa maji. Na Kurani inamtaja mbwa aliyekaa pamoja na vijana wa pangoni. Huruma, basi, haikungoja undugu. Amwekaye mbwa uani, akampa maji safi, kivuli, mwendo na chanjo ya kichaa cha mbwa, amemtendea haki kuliko amfungiaye sebuleni mchana kutwa akimwita mwanangu.

Uingereza, nchi alikotoka Airedale, imelitia wazo hili katika sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 yamlazimisha mfugaji kutimiza haja tano za mnyama: mahali pafaapo, chakula kifaacho, nafasi ya kuonyesha tabia yake ya asili, kukaa pamoja na wenzake au mbali nao kama impasavyo, na kulindwa na maumivu na maradhi. Zamani Airedale alikatwa mkia siku chache baada ya kuzaliwa, na wengi walifanya hivyo kwa ajili ya sura tu. Sheria hiyo iliipiga marufuku desturi hiyo, isipokuwa kwa sababu za matibabu na kwa baadhi ya mbwa wa kazi. Jamaa gani hukata kiungo cha jamaa ili apendeze?

Litabaki swali moja, nalo ni gumu kuliko yote. Msomaji atasema: "Kwetu wako watoto wanaolala na njaa. Mbwa anayekula nyama kila siku si dhuluma?" Pingamizi hili ni la haki, nasi hatutaki kulizunguka. Deni la mbwa halifuti deni la jirani, wala la mtoto. Asiyeweza kuyalipa yote mawili asikope lile la pili. Lakini hoja hii yahusu kabla ya kumchukua mbwa, si baada. Aliyekwisha kumchukua hawezi kusimama mbele ya mbwa mwenye njaa, amefungwa mnyororo kutwa kucha ili abweke, akajitetea kwa jina la maskini ambaye pia hakumpa kitu.

Nasi walimu tusilione jambo hili kuwa ni la mbali. Kila mwaka tunapokea mtoto ambaye huipima amri kabla ya kuitii, nasi tuna jina tayari la kumpa. Yafaa tujiulize kwanza alikotoka, na ni mto gani uliomfunza kuamua peke yake.