Chemchemi Chini ya Stesheni

Leo twataka kuwaelezeni habari ya maji na stesheni za reli katika mji wa Tokyo, huko Japani. Huenda mtu akauliza: “Mambo ya Wajapani yatuhusu nini sisi?” Na asome mpaka mwisho, kisha aitazame nyumba yake mwenyewe.

Chini ya mji ule, katika mchanga na changarawe, yamekaa maji mengi tangu kale. Viwanda vilipozidi katika karne ya 20, wenyewe walichimba visima na kuyavuta maji hayo kwa pampu, mchana na usiku, pasipo kiasi. Maji yakashuka chini sana, nayo ardhi, iliyonyang’anywa kitu kilichokuwa kikiitegemeza, ikaanza kudidimia. Upande wa mashariki wa mji pako mahali palipozama zaidi ya mita 4, hata pakawa chini kuliko usawa wa bahari. Hapo serikali iliona hatari, ikaweka sheria mwaka 1956, na nyingine mwaka 1962, ili kuwazuia watu wasiyavute maji ovyo.

Maji yalipokuwa yangali chini, mainjinia walichimba stesheni kubwa. Mwaka 1972 ilifunguliwa sehemu ya chini ya Stesheni ya Tokyo, yenye kina cha mita 27 hivi. Walipoijenga, maji yalikuwa chini kuliko sakafu yake, wala hayakuwasumbua.

Lakini maji hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yameondolewa tu. Pampu za viwanda zilipopunguzwa, mvua iliendelea kunyesha na kupenya ardhini, na mwaka baada ya mwaka maji yakapanda tena, mahali pengine hata makumi ya mita. Yakazizunguka stesheni, yakatafuta kila ufa katika zege, yakadondoka kutani. Tena yakaanza kuzisukuma stesheni zenyewe kwenda juu. Kila mvuvi alijua jambo hili. Mtu akijaribu kuuzamisha mtumbwi mtupu kwa mikono yake, ataona jinsi unavyoshindana naye upate kupanda. Stesheni nayo, kwa kuwa ndani yake ni tupu, ni kama mtumbwi uliozikwa.

Mwezi wa Oktoba 1991, baada ya mvua nyingi, stesheni ya Shin-Kodaira ilishindwa. Stesheni hiyo iko magharibi ya mji, katika mtaro wa zege ulio kati ya mahandaki mawili. Maji yaliliinua zege, yakafurika relini, na treni hazikupita hapo kwa muda wa miezi miwili hivi. Hapakuwa na mto uliovunja kingo zake. Maji yalitoka chini, mahali ambapo abiria waliopita kila siku hawakupata kupaona.

Je, wenye reli walifanya nini? Katika stesheni ya Ueno, iliyofunguliwa chini ya ardhi mwaka 1985, waliweka maelfu ya tani za chuma ili iwe nzito, isiinuliwe. Stesheni ya Tokyo waliifunga kwa nanga 130 zilizoshikizwa katika ardhi ngumu iliyo chini yake. Kazi hizo zilikuwa za lazima. Lakini chuma na nanga havikuyamaliza maji. Vilishindana nayo tu. Na yale yaliyopenya ndani yalivutwa kwa pampu na kumwagwa katika mifereji ya maji machafu, yakapotea pamoja na taka za mji.

Ndipo lilipopatikana shauri jema. Kusini ya mji uko mto mdogo uitwao Tachiai, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mchafu na wenye kunuka. Mwaka 2002 bomba la kilomita 12 hivi lilipitishwa ndani ya handaki la reli yenyewe, na maji ya Stesheni ya Tokyo yakapelekwa mpaka mto ule. Mapema mwaka 2003 samaki aina ya mkizi walionekana humo, makundi kwa makundi, na watu wakasimama madarajani kuwatazama. Maji yale yale yaliyokuwa adui wa stesheni yakawa msaada wa mto.

Sasa, ndugu wapendwa, na turudi nyumbani.

Mume na mke waligombana miaka mingi iliyopita. Pengine ni kwa sababu ya fedha zilizofichwa, au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, au neno la dharau lililosemwa mbele ya wakwe. Hawakupatana; walinyamaza tu. Majirani wawaona wakienda Misa pamoja kila Dominika, nao wenyewe husema: “Yale yamekwisha.” Juu ya kimya hicho wamejenga maisha yao yote. Kisha siku moja, kwa ajili ya sahani iliyovunjika au ada ya shule iliyochelewa, yote hupanda mara moja, na watoto husimama mlangoni wakisikia maneno ya miaka ishirini. Hapo watu hushangaa: “Nyumba ile ilikuwa na amani!” Haikuwa na amani. Ilikuwa na maji chini ya sakafu.

Wengi wetu tukiona ufa twaongeza uzito. Baba asema kwa ukali: “Jambo hilo lisitajwe tena katika nyumba hii.” Mama naye ajifunga kwa subira isiyo na maneno, kama stesheni iliyofungwa kwa nanga. Hatuidharau subira, nyumba nyingi zimesimama kwa ajili yake. Lakini hao wawili wapime wenyewe: uchungu umepungua, au umezuiwa tu?

Wengine huyavuta maji na kuyamwaga mferejini. Siri ya nyumba huipeleka kilabuni au kisimani, ikachanganyika na masengenyo ya kijiji. Kifua chao hupata nafuu kwa saa moja, lakini hakuna kilichopona, na jina la mwenzao limechafuka.

Iko njia iliyo bora, nayo ni kuyapa maji mahali pa kupita. Aliyekosa na amwendee yule aliyemkosea, aseme wazi: “Nilifanya neno hili, nalo lilikuwa baya.” Aliyekosewa na aseme alivyoumia, bila matusi. Kisha wote wawili wakaribie Sakramenti ya Kitubio, ambamo Mungu haizibi nyufa ya dhambi, bali huiondoa. Na anayepigwa au kuonewa nyumbani asidhani kwamba Kanisa lamwamuru kunyamaza. Na aende kwa mtu mwaminifu awezaye kumlinda, awe mzee wa ukoo, padre au mkuu wa serikali.

Yezu Kristu alipoketi penye kisima cha Yakobo, hakuanza kwa kumwaibisha yule mwanamke Msamaria. Alimwomba maji ya kunywa, kisha kwa upole akayagusa mambo yaliyofichika maishani mwake. Naye mwanamke aliuacha mtungi wake, akaenda mjini kuwaita wengine. Lile alilolificha kwa aibu likawa njia ya kuwafikisha jirani zake kwa Mwokozi. Nabii Ezekieli naye alionyeshwa maji yakitoka chini ya kizingiti cha Hekalu, yakishuka mpaka bahari ya chumvi, na kila yalipofika samaki wakaishi. Ndivyo ilivyo neema. Mama aliyemlilia Mungu waziwazi kwa ajili ya mtoto wake aliyekufa ndiye ajuaye kumfariji mwenzake aliyefiwa. Mlevi aliyeungama na kuacha ndiye asikilizwaye na vijana.

Wala tusidhani kwamba kazi hii huisha siku moja. Mvua hainyeshi mara moja tu, na pampu za stesheni hazina budi kuangaliwa siku zote. Hata mapatano ya nyumba hutaka kutunzwa kila juma, kwa maneno machache ya kweli.

Basi, jioni ya leo, kabla ya Rozari ya jamaa, kila mmoja na ajiulize: ni neno gani nimelizika bila kulitengeneza? Nami namngoja nani aanze? Asimngoje. Na aanze yeye, kwa sauti ya chini, mwenzake akiwa peke yake. Mungu, aliyeziumba chemchemi zilizofichika, na ayaongoze maji ya nyumba zetu yafike mahali yatakapoleta uzima.

Mhariri