Udhu wa Mwenye Kidonda Mguuni
Kuosha miguu hadi vifundoni ni faradhi ya udhu, iliyotajwa katika aya ya 6 ya Suratul Maida. Mwenye kidonda afanyeje? Olumbi, wilayani Palma nchini Msumbiji, ambako wavuvi hushinda majini na mchangani, swali hili si la vitabuni tu. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa pwani hii, haimlazimishi mwenye kidonda kutumia maji yanayomdhuru: huosha palipo pazima, hupangusa juu ya bandeji, kisha hutayamamu. Fangasi ni habari nyingine. Ngozi nyeupe iliyolainika kati ya vidole haizuii udhu, ila tabibu hutaka pakaushwe vizuri, ndipo papakwe dawa ya klotrimazoli kwa wiki 4 hivi. Kujifuta hakubatilishi udhu. Magaga husuguliwa taratibu na kupakwa mafuta. Mwenye kisukari asingoje: kidonda chake kionwe siku hiyohiyo.