Giza Halisemi "Lala"

Mnamo Oktoba 2021, katika kijiji cha Nyagonyi, Marani, kaunti ya Kisii nchini Kenya, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati uliowaita wachawi. Mei 2008, katika milima hiyo ya Kisii, watu 11 walichomwa moto hadi wakafa kwa tuhuma za namna hiyo. Habari kama hizi zinapotoka, mazungumzo hugeukia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ugomvi wa mashamba, na elimu isiyotosha. Kila moja lina uzito wake. Hata hivyo liko swali lililo chini ya hayo yote, nalo halihusu mauaji peke yake: ajuza akionekana njiani saa nane za usiku, maana ya mwendo wake hutoka kwa nani?

Kwa Abagusii, wenyeji wa milima hii, jibu lilikuwepo tangu zamani. Mwanaanthropolojia Mmarekani Robert LeVine, aliyefanya utafiti miongoni mwao kati ya 1955 na 1957, alieleza katika maandishi ya mwaka 1963 jinsi omorogi, yaani mchawi, anavyosadikiwa kuwa: hutoka usiku, uchi, pamoja na wenzake, wakiwa na chungu cha moto. Watoto wengi wa kaunti za Kisii na Nyamira huijua sura hiyo kabla hawajajua kusoma. Na milima hii haina pori la kumficha mtu. Boma limeegemea boma, migomba ya huyu inaangukia chai ya yule, na mbwa mmoja akibweka kijiji kizima hugeuka kitandani. Anayetoka usiku huonekana, na anayeonekana tayari ana jina linalomsubiri.

Sayansi nayo ina swali lake kuhusu usiku, na limeshapita miaka 100: mwili hujuaje kwamba jua limetua? Mwaka 1917 Wamarekani wawili, McCord na Allen, waliwalisha viluwiluwi tezi ya pineali ya ng'ombe, ngozi yao ikapauka. Hiyo ndiyo tezi iliyo katikati ya ubongo, ambayo mwanafalsafa Descartes katika karne ya 17 aliidhania kuwa makao ya roho. Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliifuata alama ya viluwiluwi akitumaini kupata tiba ya maradhi ya rangi ya ngozi, na mwaka 1958 akatangaza kwamba ameitenga kemikali yenyewe kutoka kwenye tezi za maelfu ya ng'ombe. Ndiyo melatonini. Baadaye njia yake ikaeleweka. Mwanga unaoingia machoni huifikia saa kuu ya mwili, kikundi kidogo cha seli ndani ya ubongo. Giza likiingia, saa hiyo huiachia tezi ya pineali imwage melatonini kwenye damu, na kukikucha huizuia.

Wengi huiita homoni ya usingizi, na hapo ndipo wanapokosea. Panya, anayelala mchana na kuhangaika usiku kucha, naye humwaga melatonini usiku. Kengele ya jioni shuleni ni moja, lakini mwanafunzi akiisikia hufunga daftari, na mlinzi akiisikia hushika rungu aanze kazi. Kondoo wa nchi za baridi, usiku unapoanza kurefuka, huingia katika msimu wa kupandana. Hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, kwa usiku huo huo mrefu huacha kuzaa. Ngozi ya kiluwiluwi imeipokea kama amri ya kupauka. Molekuli haijabadilika hata chembe. Waliobadilika ni wanaoipokea. Huku Kisii na Nyamira, chini kidogo ya ikweta, urefu wa usiku wa Juni na wa Desemba hutofautiana kwa dakika chache tu, kwa hiyo hata habari ya majira karibu haimo. Kila jioni hurudiwa jambo lile lile moja, kwamba giza limeingia. Giza halisemi "lala", wala halisemi "amka". Yaliyobaki huamuliwa na mpokeaji.

Mpokeaji huyo ametafutwa kwa bidii kubwa. Mwaka 1994 kipokezi cha kwanza cha melatonini kilitambuliwa kutoka kwenye seli za ngozi ya chura wa Afrika, na muda mfupi baadaye vikajulikana viwili vya binadamu, MT1 na MT2, protini zilizopenya utando wa seli, sehemu nje na sehemu ndani. Dawa zikafuata. Ramelteon iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa wanaotaabika kupata usingizi. Tasimelteon iliidhinishwa 2014, ikiwasaidia hasa vipofu wasioona mwanga hata kidogo, ambao saa ya mwili wao huteleza siku hadi siku kwa kukosa jua la kuirudisha mahali pake. Taabu ni kwamba vipokezi hivi viwili vinafanana mno, na dawa inayolenga kimoja hugusa na ndugu yake. Ndiyo maana umbo lao lilipopatikana mwaka 2019, kwa miali ya leza ya eksirei, wakemia walishangilia: sasa wangeweza kutafuta kitu cha kukaa ndani ya kimoja na kukiacha kingine.

Mwaka uliofuata walitumia kompyuta kujaribisha molekuli zaidi ya milioni 150 dhidi ya umbo la MT1, wakachagua 38 za kutengenezwa na kupimwa. Baadhi yake zilionekana maabara kuwa za kukinyamazisha kipokezi. Kisha wakampa panya molekuli hizo wakati ambao kwa saa ya mwili wake ni magharibi, na saa hiyo ikasogea mbele kwa zaidi ya saa moja, kana kwamba amepewa melatonini yenyewe. Kilichokuwa kimya ndani ya seli zilizotengwa kilitenda kazi kubwa ndani ya mnyama mzima, pengine kwa sababu ya saa kilipofika na mwili kilimofika. Hata kipokezi, basi, hakimiliki maana peke yake. Maana huzaliwa pale ujumbe unapomkuta mpokeaji mwenye historia, mahali na wakati.

Turudi kwa ajuza wetu. Uzee hupunguza melatonini ya usiku. Mtoto wa jicho huzuia mwanga, na nyumba yenye dirisha dogo huuzuia zaidi. Katika maradhi ya kusahau, hasa Alzheimer, saa yenyewe huharibika: mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi, wakichunguza bongo za marehemu, walionyesha kwamba MT1 hupungua katika saa kuu ya ubongo wakati wa uzee, na pia katika hatua za mwisho za ugonjwa huo. Mgonjwa husinzia mchana, jioni hujawa na wasiwasi, usiku huinuka na kutoka. Tabia hii inajulikana kwa madaktari popote duniani. Sisemi kwamba waliouawa Nyagonyi walikuwa wagonjwa. Uovu ungekuwa ule ule hata kama akili zao zilikuwa timamu kuliko zetu. Nasema tu kwamba miongoni mwa wanaotembea usiku katika milima hii wamo ambao usiku umeacha kuwafikia.

Mtu anaweza kudhani kwamba jambo limekwisha: futa neno "mchawi", andika "mgonjwa", mpe kidonge. Lakini majaribio ya kuwapa melatonini wagonjwa wa Alzheimer ili walale hayajaleta nafuu ya kuaminika. Utafiti mmoja wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2008 una funzo kubwa zaidi. Wazee 189 katika nyumba 12 za kutunzia wazee waligawanywa: wengine waliishi kwenye mwanga mkali mchana, wengine walipewa melatonini jioni, wengine vyote viwili. Mwanga peke yake ulisaidia kiasi akili na hali ya moyo. Melatonini peke yake ilizidisha huzuni na kujitenga, lakini haikuwa hivyo ilipoandamana na mwanga wa mchana. Mtu hawezi kupewa usiku akiwa hana mchana. Anayeketishwa siku nzima kwenye chumba chenye giza, asisalimiwe, asipewe hata maharagwe ya kuchambua, hana mchana wa kutofautisha na usiku, na hakuna molekuli itakayomtengenezea tofauti hiyo.

Jina la "mgonjwa" lina hatari nyingine pia. Linaokoa maisha, na kwa hilo nalipendelea mara elfu kuliko lile jingine. Lakini nalo linaweza kufunga maana kabla ya kuuliza. Wazee wengi wanaotoka usiku hawatembei ovyo. Ukiwauliza, wanakwenda mahali. Hebu tumfikirie jirani wa Nyamira anayekutana na mmoja wao njiani, akimwita magokoro, yaani bibi.

"Magokoro, unaenda wapi saa hizi?"

"Kuchuma pareto, mwanangu, kabla mvua haijanyesha."

Pareto iling'olewa shambani humo zamani, na aliyekuwa akichuma naye pengine ni marehemu. Lakini safari ina maana kamili: ni ya mwanamke aliyeamka kabla ya alfajiri maisha yake yote ili watoto walipiwe karo. Kwa macho ya umati anakwenda kuroga, kwa macho ya daktari saa ya ubongo wake imeharibika, na kwa macho yake mwenyewe amechelewa kazini. Maelezo ya daktari ni ya kweli, ila ni yeye mwenyewe tu anayejua anakokwenda, na hilo halipimwi kwa damu. Hupatikana kwa kuuliza.

Kuna jambo ambalo wanawake hawa wamelitenda wakiwa vijana, bila kulijua. Maziwa ya mama yanayonyonywa usiku yana melatonini. Ya mchana karibu hayana. Kichanga huzaliwa bila mpango wa usiku na mchana, na huchukua takriban miezi mitatu kabla tezi yake kushika zamu. LeVine na wenzake, waliorudi kwa Abagusii miaka ya 1970 kuchunguza malezi, waliandika jinsi mama wa Kigusii alivyolala na mwanawe na kumnyonyesha usiku kila alipolia. Kwa miezi hiyo mtoto aliishi kwa usiku wa kuazima, ulioingia mwilini mwake kwa njia ya titi. Vijana wanaobeba mawe na petroli dhidi ya omong'ina, yaani ajuza, wa jirani walianza kuujua usiku hivyo hivyo, wakipokelewa na mtu aliyekubali kukosa usingizi kwa ajili yao.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Kwa suala hili naiona hatari upande wa pili, kwa yule anayeijua maana mapema mno. Kipokezi cha MT1 hakilaumiki. Melatonini ikikaa ndani yake lazima kiitikie, hakina nafasi ya kusita. Binadamu anayo. Anaweza kuona mwendo gizani, akasikia moyoni mwake jina alilorithi, na bado akalizuia hadi amwulize anayetembea. Maabara inaweza kutupa mamilioni ya molekuli kwa ajili ya 38 pasipo mtu kudhurika. Kijijini dhana moja isiyo sahihi ikishatiwa moto hairekebishiki. Tunapenda kusema kwamba imani hizi tumeachiwa na wazee wetu, kana kwamba urithi hutuondolea dhamana. Mpokeaji ndiye anayetoa maana, na kwa sababu hiyo hesabu ya maana hiyo iko juu yake, si juu ya giza, wala juu ya mababu waliomtajia.