Nanga Haitupwi Ndani ya Chombo

Someni: Waebrania 6:18–20 na Matendo ya Mitume 27



Andiko la mwezi huu ni la watu waijuao bahari. Mwandishi wa Waebrania afundisha ya kuwa tumaini letu lafanana na nanga iliyoshika mahali imara, tena mahali penyewe ni nyuma ya pazia, alikoingia Yesu mbele yetu. Mtu wa Lushoto au wa Bumbuli akisoma maneno haya hana budi kuelezwa nanga ni kitu gani. Mtu wa Moa haelezwi. Tangu utoto wake ameona mashua zikilala mbele ya mikoko, kamba imenyoshwa, wala hazichukuliwi na maji. Basi leo watu wa Moa na wawe waalimu, na wa milimani wawe wanafunzi.

Twaijua hali ya pwani. Akina mama walimao mwani hushuka baharini maji ya bamvua yakipwa, wakafunga vipando katika kamba zilizotandazwa kati ya vijiti, kisha hungoja kama majuma sita. Lakini miaka hii maji ya kina kifupi yamezidi kuwa ya moto, na ule mwani wa bei nzuri uitwao kotonii hugeuka mweupe, hulegea, hukatika vipande, na kamba hubaki tupu. Ule wa pili, spinosamu, hustahimili zaidi, ila bei yake ni ndogo. Mvuvi naye ana masumbuko yake. Tena yako magonjwa, na ada za shule, na msiba juu ya msiba.

Mtu wa namna hii aja ibadani siku ya Bwana, asikia akiambiwa, “Uwe na tumaini.” Atazama moyoni mwake alitafute, asilione. Ndipo ajisemea ya kwamba yeye si Mkristo kweli. Na mwalimu asomaye mbele ya watu huenda moyo wake ni mtupu kupita ya wale wamsikilizao, wala hana wa kumwambia, kwa sababu aogopa wakijua hawatamsikia tena. Kwa ajili ya huyu hasa twaandika.

Fikirini habari ya nanga. Iwe nzito namna gani, ikilazwa chomboni haina faida, ila huongeza mzigo. Hakuna nahodha, hata aliye mjinga, aliyezuia chombo chake kwa kutupa nanga ndani ya ngama. Huitupa nje, chini, asipopaona kwa macho, ikashika mchanga au mwamba usio mali yake. Hapo hata akisinzia, hata homa ikimshika, hata mikono ikimtetemeka, chombo kimezuiliwa na kitu kilicho nje ya chombo. Lakini sisi twaitupa nanga yetu mioyoni mwetu, kisha twashangaa kwamba twachukuliwa na maji! Moyo ni chombo chenyewe. Ndio upandao na kushuka pamoja na mawimbi. Andiko halisemi ya kwamba tumaini limefungwa katika moyo wetu ulivyo leo. Lasema limeshika kule aliko Yesu, nasi tumeshikwa kwa kamba tusiyoona mwisho wake.

Martin Luther, ambaye mwenyewe aliandamwa na magonjwa na huzuni nzito, alifundisha vivyo hivyo katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529. Mtu alemewaye na dhambi zake na dhamiri yake alimwagiza ajibu kwa kuutaja ubatizo wake. Hakumwambia aipime kwanza imani yake ina uzito gani. Ubatizo ni jambo lililotendwa juu yetu na Mungu. Hatukujibatiza wenyewe, wala huzuni yetu haiwezi kuufuta.

Sasa tazameni Matendo 27. Luka alikuwa katika merikebu pamoja na Paulo. Asimulia siku nyingi zisizo na jua wala nyota, kisha aongeza neno ambalo wengi wetu twalipita upesi: ya kwamba hata tumaini la kuokoka lilikuwa limewakatikia. Hasemi ya kuwa mabaharia wapagani walikata tamaa, na ndugu wakasimama imara wakiimba. Ajihesabu mwenyewe pamoja nao. Mwandishi wa Injili! Na neno lile halikufutwa. Limesomwa kanisani miaka hii yote. Tena malaika wa Mungu hakungoja Luka apate moyo kwanza ndipo aje. Alikuja usiku ule wa kukata tamaa, na ahadi aliyoileta ilikuwa ya kweli kwa Luka sawasawa na kwa Paulo.

Tusiende mbali kutafuta mfano wa jambo hili. Kaskazini ya Moa, nyuma ya Mombasa, iko Rabai. Krapf na Rebmann walikuwa watu wa Württemberg, wana wa kanisa la Kilutheri, ijapokuwa chama kilichowatuma kilikuwa cha Waingereza. Krapf alikuja Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai wa mwaka uleule homa ilimwua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akamfuata, naye Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mwaka 1846 Rebmann akafika. Na siku ya kwenda Rabai kuanza kazi wote wawili walikuwa na homa, wakawa wakimpanda punda mmoja kwa zamu. Tunda lao la kwanza hakuwa mzee wa kaya mwenye sifa. Alikuwa Mringe, kiwete, wala hakukaa sana duniani baada ya kubatizwa. Mwaka 1852 Krapf alishuka kwa chombo toka Mombasa hata Pangani, akienda Vuga kwa Mfalme Kimweri. Maana yake ni kwamba alipita katika bahari hiihii ya Moa. Lakini huko Usambara hakuiona kazi ikianza. Wamisioni wa Kilutheri waliingia Mlalo mwaka 1891, naye Krapf alikuwa amekufa miaka kumi iliyotangulia.

Rebmann alibaki. Mei 1848 aliuona mlima wa Kilimanjaro, na wenye elimu wa Ulaya wakamcheka kwa habari ya ile theluji. Alikaa katika nchi hii mpaka mwaka 1875, wala Ulaya hakurudi hata mara moja katika miaka hiyo yote. Akafiwa na mkewe. Waumini wakabaki wachache. Alipoondoka, macho yale yaliyoiona theluji yalikuwa yamepofuka, na aliyefuatana naye hata Ulaya ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa wale wachache. Mwaka uliofuata Rebmann akafa. Wako waandishi wapendao kuwageuza wazee hawa kuwa mashujaa wasioumwa na kitu. Sisi twaona heri kuwaacha wagonjwa kama walivyokuwa.

Na karibu kabisa na Moa iko Jasini. Hapo, tarehe 18 na 19 Januari 1915, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipigana katika mashamba ya mkonge, na wengi walioanguka ni askari wa Kihindi na wa Kiafrika ambao ugomvi ule haukuwa wao. Vita vile viliondoa wamisioni Wajerumani katika nchi, wasirudi mpaka mwaka 1925 na baadaye. Sharika za Usambara zikabaki mikononi mwa waalimu wenyeji, ambao wengi wao mshahara hawakuuona.

Lakini liko neno ambalo yatupasa kulisema waziwazi. Malaika alimwahidi Paulo uhai wa watu wote, nao walikuwa 276. Merikebu hakuiahidi. Ngano ilitupwa baharini. Asubuhi hata zile nanga nne zilizotupwa tezi zikakatwa zikaachwa. Omo ikakwama, tezi ikavunjika kwa nguvu za mawimbi. Basi mhubiri awaambiaye watu wa Moa ya kwamba wakiamini sana mwani wao hautakufa, awaahidi merikebu, na Mungu hakumtuma. Uombeeni mwani, naam, maana ni riziki ya kila siku. Tena wako wakulima waliojaribu kuhamishia kamba zao katika maji ya kina kirefu zaidi, na hilo ni jema kulijaribu. Paulo naye hakuomba tu: aliwashauri habari ya safari, na usiku ule aliwahimiza wale chakula. Lakini mwani ukifa, asiwepo wa kumwambia yule mama ya kwamba imani yake ilipungua.

Waliojua kuogelea walitangulia pwani. Wengine wakafika juu ya mbao, wengine juu ya vipande vya merikebu. Luka hasemi ya kuwa hao wa mbao waliokoka nusu.

Pwani waliwakuta watu wa Melita, ambao jina la Yesu hawajalisikia, nao wakawawashia moto kwa ajili ya mvua na baridi. Ninyi mkaao kati ya majirani Waislamu mwalijua jambo hili, kwa kuwa mara nyingi ndio wa kwanza kufika msibani wakichukua chakula. Naye Paulo, mfungwa, aliyelowa kama wote, mwenye ule mwiba mwilini alioomba mara tatu uondolewe usiondolewe, hakukaa akiota moto wa watu. Aliinama akaokota kuni.