Ngano, Wanga na Kikombe: Mipaka ya Kibadala katika Mkate wa Ekaristi

Hostia, yaani mkate mwembamba usiotiwa chachu unaotumiwa katika Misa ya Kanisa Katoliki la Kilatini, hutengenezwa kwa viambato viwili tu, unga wa ngano na maji, na kwa sababu hiyo ni vigumu kupata chakula kinachodhihirisha vizuri zaidi swali la kale la wanafalsafa: kitu kibadilishwe kwa kiasi gani ndipo kiache kuwa kitu kilekile? Swali hilo humfika kwa uchungu muumini mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao huifanya kinga ya mwili wake ishambulie utumbo mwembamba kila alapo gluteni, yaani protini ya ngano, shayiri na rai inayoufanya unga uliokandwa uvutike na kushikamana. Nyumbani shida yake ina dawa, kwa kuwa chapati ya ngano huweza kuuachia nafasi mkate wa kumimina, ambao huandaliwa kwa mchele na tui. Altareni, mchele haukubaliki.

Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka mkate huo uwe wa ngano tupu. Waraka wa Vatikani wa Julai 2003, uliotolewa na idara ya mafundisho ya imani chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ulieleza kwamba hostia isiyo na gluteni hata kidogo si maada halali, yaani si kitu ambacho sakramenti yaweza kuadhimishwa kwacho, lakini hostia yenye gluteni kidogo ni halali mradi gluteni iliyomo itoshe kuunda mkate bila kuongezewa vitu vigeni na bila kutumia njia zinazobadili asili yake. Kwa hiyo kiambato kilekile kinachomdhuru mgonjwa ndicho kilichofanywa kipimo cha kuutambua mkate.

Masista Wabenediktini wa Clyde, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, walitengeneza kwa wanga wa ngano na maji hostia ambayo gluteni yake haizidi asilimia 0.01, kiasi ambacho, hata hostia ingekuwa na uzito wa gramu nzima, kisingezidi miligramu 0.1. Hapo ndipo jambo linapopata utata, kwa maana Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliona kwamba wanga hutokana na ngano iliyokwisha kuharibika, hivyo akatilia shaka mkate wake, ingawa alikiri kuwa wapo waliofikiri vingine. Kanisa la leo, kwa kukubali hostia ya namna hiyo, limeonyesha kwamba mpaka wa kitu waweza kusogezwa pasipo kufutwa.

Hata hivyo, kwa mtu asiyeweza kustahimili hata chembe hiyo, suluhisho halikutafutwa katika mapishi. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1551 kwamba Kristo yumo mzima katika umbo la mkate na mzima katika umbo la divai, na kutokana na fundisho hilo mlei anayepokea kikombe peke yake hahesabiwi kuwa amepokea nusu. Lakini katika Misa padre hudondosha kipande cha hostia ndani ya kikombe, kwa hiyo mgonjwa huhitaji kikombe kingine ambacho kipande hicho hakikuingia. Asipotengewa, utimilifu unaofundishwa na mtaguso haumfikii mdomoni.

Mwanateolojia Jean-Marc Ela wa Kamerun, aliyefanya utume miongoni mwa wakulima wa kaskazini mwa nchi yake, alilipeleka swali hilohilo mbali zaidi, akihoji kwa nini watu wanaoishi kwa mtama walazimike kuadhimisha kwa zao la kigeni. Hoja yake yaeleweka pia Tanzania na Kenya, ambako ngano nyingi huagizwa kutoka nje, ila yatofautiana na hoja ya mgonjwa: mgonjwa huomba aondolewe kinachomdhuru, ilhali mkulima huomba kazi ya mikono yake itambuliwe kuwa mkate. Kanisa limemjibu wa kwanza kwa wanga na kikombe. Wa pili limemjibu kwa kumbukumbu, yaani kwamba ngano huiunganisha kila meza na karamu moja iliyofanyika Yerusalemu.

Jibu hilo la pili lina uzito, kwani ukumbusho usio na umbo maalumu hupotea upesi. Lakini wanga wa Clyde umekwisha kuonyesha kwamba ukumbusho huweza kustahimili badiliko ambalo mwalimu mkubwa alilitilia shaka, na anayeukataa mtama sasa anadaiwa kueleza, zaidi ya kuitaja kanuni, kwa nini mpaka uliosogea kwa ajili ya utumbo wa mgonjwa usimame imara mbele ya shamba la mkulima.